Picha 1,560 za Meli ya Matofali: Tuliyojifunza Mezani Kwetu Kigoma

Naandika haya kwa ajili ya mzazi au kijana mwenye matofali ya kuchezea ndani, mwenye simu mkononi, na aliyepata hamu ya kuyafanya yatembee kwenye skrini. Mimi na binti yangu wa miaka 12 tumetumia miezi saba kutengeneza filamu ya dakika 2 na sekunde 10. Minne kati ya hiyo saba iliishia kwenye makosa ambayo, kama mtu angetuambia mapema, yasingetukuta.

Kazi yangu mimi ni picha. Nina kibanda pale mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, napiga za pasipoti, naprinti, nalaminisha, na msimu wa harusi nabeba kamera. Kwa hiyo binti aliposema anataka kutengeneza filamu ya matofali, niliihesabu kuwa kazi ya wikendi mbili. Nilikosea, na kosa lenyewe lilitokana na uzoefu wangu. Mpiga picha wa mtaani amezoea kutafuta picha moja iliyotoka vizuri. Hapa unatakiwa upige picha mia ambazo zote zinafanana, isipokuwa pale tu uliposogeza kitu. Kitu kingine chochote kikibadilika, hata kwa unywele, mtazamaji atakiona.

Kwa ambaye hajawahi kuona inavyofanyika: unapanga watu wako wa matofali, unapiga picha, unawasogeza kidogo sana, unapiga tena. Ukizionyesha picha hizo mfululizo kwa kasi, jicho linaona mwendo. Wenyewe wanaiita stopumosheni. Sinema ya kawaida hupitisha fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, ila wanaofanya kwa matofali wengi hutumia 12 au 15, maana ukisema 24 kazi inakuwa mara mbili. Sisi tulichagua 12. Dakika moja ni picha 720.

Matofali tuliletewa na shemeji yangu kutoka Dar es Salaam, begi zima la mtumba, ya kampuni ya LEGO yenyewe yamechanganyika na ya kuiga. Watoto wote yote wanayaita lego. Kwenye mchezo wa kawaida tofauti huioni. Mbele ya kamera utaiona siku ya kwanza, kwa sababu mengi ya kuiga yaliyokuwemo kwenye begi letu yalikuwa na mikono iliyolegea, ukimsimamisha mtu ameinua mkono, baada ya picha nne mkono umeshashuka wenyewe. Tuliyatenga. Wahusika tukawachagua kwenye yale yanayoshika, ya kuiga yakaenda kuwa ukuta na mawe. Mfumo wa tofali la LEGO ulisajiliwa mwaka 1958 na tofali la wakati ule bado linashikana na la leo, kwa hiyo msidharau begi la zamani hata kama rangi imefifia.

Hadithi ilikuwepo kabla ya matofali. Mama yangu alizaliwa kusini huko ziwani, akaja Kigoma akiwa mwali, kwa meli ya Liemba. Alipandia kijiji cha Lagosa, usiku. Pale hapakuwa na gati la meli kuegesha. Liemba ilikuwa inasimama majini, inapiga honi, mitumbwi inatoka ufukweni na kuizingira, watu wanapandia mlango wa ubavuni na magodoro yao, kuku wao na magunia ya dagaa. Wajukuu wameisikia hadithi hiyo mara nyingi hata wanaidakia katikati. Binti akaniambia, "Baba, tufanye ya bibi."

Tukakwama kwenye ukubwa. Mtu wa LEGO ana urefu wa kama sentimita 4. Liemba ina urefu wa mita 71 na kidogo. Binti akachukua daftari, akapiga hesabu: kama mtu wa mita 1.7 amekuwa sentimita 4, basi meli yetu ingefika karibu mita 1.7. Ni ndefu kuliko meza yetu ya kulia, na matofali tuliyokuwa nayo hayakufika hata robo ya hiyo. Siku tatu hatukuligusa begi. Siku ya nne nikajiuliza swali ambalo kibandani najiuliza kila siku: kamera inaona nini? Nikipiga pasipoti, mteja anaweza kuwa amevaa kaptula, hakuna atakayejua. Tukajenga ubavu wa meli peke yake, sentimita 60, wenye mlango, reli za juu na madirisha sita. Nyuma hakuna kitu, umeegemezwa kwenye tofali la kuchoma, la kweli kabisa la kujengea. Kwa picha za mbali tulijenga meli nyingine ndogo ya sentimita 22 isiyo na watu. Kwenye filamu hakuna hata mmoja aliyegundua kuwa ni meli mbili. Ukianza, jenga kile tu kitakachoonekana.

Binti alitaka filamu ianze na historia, na nilimwelewa, kwa sababu historia ya meli hiyo inafanana na mchezo wenyewe. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi hapa Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tulipiga sekunde 20 za masanduku yakishushwa kwenye behewa, picha 240, wiki tatu za jioni. Zote tulizitoa. Zilikuwa nzuri ila hazikuwa hadithi ya bibi. Tungechora kwanza kwenye karatasi kila tukio na kuandika ni la sekunde ngapi, tungeliona hilo kabla ya kupiga hata picha moja. Karatasi ya shilingi mia mbili ingetuokolea wiki tatu.

Sasa niseme kuhusu mwanga, maana hapo ndipo tulipoumia zaidi.

Tulianza Ijumaa mchana, nimetoka msikitini, dirisha wazi upande wa ziwani. Picha 96. Tulipoziangalia, meli ilikuwa inapepesa kama ina homa: inang'aa, inafifia, inakuwa ya manjano, inarudi buluu. Sababu zilikuwa tatu kwa mpigo. Mawingu yalikuwa yanapita, na jua la mchana lilikuwa linashuka upande wa Kongo, vivuli vinarefuka bila sisi kuona. Simu nayo ilikuwa inajipangia yenyewe mwanga na rangi kwa kila picha. Ya tatu ilinichukua siku mbili kuijua: kanzu yangu. Matofali haya yanang'aa, na kila nilipoinama kusogeza mtu, weupe wa kanzu ulijaa kwenye ubavu wa meli. Niliporudi nyuma, ukatoka.

Tangu siku hiyo dirisha tunaliziba kwa blanketi na tunafanya kazi usiku. Tunavaa nguo nyeusi, na kila mmoja ana alama ya chaki sakafuni, anaporudi kupiga anakaa palepale. Kwenye simu, bonyeza na kushikilia pale unapotaka paonekane vizuri, simu nyingi zitafunga fokasi, yaani ukali wa picha, na mwanga visibadilike. Kama programu unayotumia inakuruhusu kufunga na rangi ya mwanga, ifunge. Nusu ya kupepesa itaisha hapo hapo.

Nusu nyingine ilikuwa taa. Umeme wa nyumbani unapanda na kushuka, jirani akiwasha jiko la umeme taa yako inashuka na wewe hujui. Tena taa za umeme wa kawaida hupigapiga mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Jicho halioni, kamera inaona. Ukiweza kuweka kasi ya kufunga lenzi mwenyewe, weka 1/50 ya sekunde au polepole zaidi, kupepesa kutapungua sana. Sisi tulihamia tochi ya kuchaji, tukaona tumemaliza. Kumbe tochi ile inafifia taratibu kadiri chaji inavyoisha. Picha ya kwanza na ya pili huoni tofauti, ila ya kwanza na ya 130 ni mchana na magharibi. Mwishoni tulinunua taa mbili ndogo za waya wa USB, shilingi 12,000 kila moja, tukazichomeka kwenye pawabenki. Hizo zinatoa mwanga uleule hadi dakika ya mwisho. Angalizo: pawabenki yetu ilikuwa inajizima taa ikiwa moja, inaona hakuna inachochaji. Tulipochomeka zote mbili ikaacha.

Juu ya taa tulifunika karatasi ya kuokea iliyokunjwa mara mbili, mwanga ukalainika na vile vidoa vikali vya mng'ao juu ya vichwa vya watu vikapotea. Ni kitu kidogo sana ila kiliinua picha zetu kuliko chochote nilicholipia.

Stendi ya simu nilinunua kwa 25,000 na sikuitumia zaidi ya siku mbili. Ilikuwa ndefu na nyepesi, ukigusa skrini inatikisika. Kilichofaa ni kopo la maziwa la kilo nililolijaza mchanga wa ufukwe wa Kibirizi, juu nikapigilia kibao chenye mfereji, simu inakaa humo imebanwa. Na skrini usiiguse kabisa. Chomeka waya wa spika za masikioni wenye kitufe cha sauti, kwenye simu nyingi kitufe hicho kinapiga picha. Jambo jingine ambalo nilichelewa kulijua: geuza simu kichwa chini miguu juu. Lenzi inakuja chini, usawa wa macho ya mtu wa sentimita 4. Ukimpiga kutoka juu ni mdoli mezani. Ukimpiga usawa wa macho yake, anakuwa mtu amesimama mbele ya meli kubwa.

Watu kuanguka ilikuwa kero ya kila siku hadi nilipokumbuka nta. Kuna mama anatuletea asali kutoka Kasulu, nikamwomba nta kidogo ya nyuki. Unaifikicha kwa vidole mpaka ilainike, unaweka chembe kama punje ya mtama chini ya mguu, mtu anasimama hata kwa mguu mmoja. Kuyasafisha matofali baadaye ni maji ya uvuguvugu na sabuni. Usitumie ya moto, plastiki itapinda.

Mwezi wa tatu tulikuwa na sekunde 40 tulizoziona safi. Tukamwita mama yangu aone. Alikaa, akavaa miwani, akatazama hadi mwisho, akanyamaza. Kisha akasema, "Baba, meli haishtuki hivyo." Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Ikiondoka hujui kama imeondoka. Wewe unaona nchi kavu ndiyo inakwenda."

Maneno hayo nimeyafikiria sana. Sisi tulikuwa tunasukuma meli sentimita nzima kwa kila picha tangu picha ya kwanza, ndiyo maana iliruka kama imegongwa. Na tulikuwa tunaitazama kutoka nje, wakati hadithi ni ya mtu aliyekuwa ndani. Tukarudia tukio lote. Safari hii ubavu wa meli haukusogea hata kidogo. Kilichosogea ni milima, kipande cha boksi tulichokipaka rangi na kukiweka nyuma. Picha nane za mwanzo hatukusogeza kitu. Kisha milimita moja, moja tena, mbili, mbili, tatu, mpaka tukafika nane na kubaki hapo. Tulipobandika rula ya plastiki chini ya boksi kwa gundi, kazi ikawa nyepesi zaidi, binti anasoma namba na mimi napiga.

Na hilo la kuanza polepole na kumaliza polepole ndilo tulilolipeleka kila mahali. Mkono ukiinuka unaanza kidogo, unaongeza, unapunguza kabla haujafika. Mtu akigeuka, kichwa kinatangulia fremu mbili kabla ya kiwiliwili, maana ndivyo tunavyogeuka sisi. Akishafika, mwache atulie picha sita au nane, mtazamaji apate kumwona. Watu hawa nyuso zao ni za kuchorwa, hawakunji uso. Huzuni yote ya bibi yetu wa matofali iko kwenye kichwa kilichoinama kidogo na mkono uliobaki umeshika reli wakati wengine wameshaingia ndani. Mkono ule uko pale sekunde mbili, picha 24 zisizo na mabadiliko yoyote, na ndizo picha ninazozipenda kuliko zote.

Kutembea kulitupa taabu. Vinundu vya juu ya tofali vimeachana milimita 8, ukimhamisha mtu kinundu hadi kinundu anaruka. Tuliacha vinundu kabisa, sakafu ya meli tukaiweka vigae laini visivyo na vinundu, tukamtembeza kwa nta, milimita 4 kwa kila picha, mguu mmoja mbele, yote sawa, mwingine mbele, yote sawa. Maji ni karatasi ya buluu ya kufungia zawadi. Mwanzoni ilikuwa inatikiswa na pumzi zetu na maji yanachemka ovyo. Badala ya kuigandisha, tuliamua kuikunja wenyewe kidogo kila baada ya picha mbili, kwa mwelekeo mmoja, ikawa mawimbi.

Kuna mawili ya moyoni lazima niyaseme.

La kwanza, picha 214 zilipotea kwa mkono wangu. Simu ilijaa, nikazituma kwenye simu ya mama watoto kwa programu ya kutumiana ujumbe, nikafuta za kwangu. Zilipofika zilikuwa zimebanwa, hazina ubora, kingo za matofali zimekuwa ukungu. Sekunde karibu 18, jioni kumi na moja za mtoto ambaye kesho yake ana shule. Binti hakulalamika, alikusanya matofali akaenda kulala, na ningefurahi zaidi kama angenilalamikia. Nilimwomba radhi asubuhi. Tangu siku hiyo kila tukimaliza nazihamisha kwa waya hadi kwenye kompyuta ya kibandani na kwenye flashi, na sifuti kwenye simu mpaka nizifungue kule na kuziona.

La pili, nilimnyang'anya filamu. Sikukusudia. Nilianza kumrekebishia mkono wa mtu, mara nikahamisha mtumbwi, mara nikamwambia akae pembeni kwanza. Jioni moja akasema ana kazi ya shule. Ya pili, hivyo hivyo. Mama yake ndiye aliyeniambia jikoni, "Filamu ya nani hiyo, baba fulani?" Niliumia kwa sababu alikuwa na haki. Tukagawana kazi upya: kusogeza kitu chochote ni yeye peke yake, mimi ni taa, kitufe na kuhesabu. Vidole vyake ni vyembamba, anatumia kijiti cha meno, na tangu alipoachiwa, kazi ilikwenda mbio zaidi. Jioni moja ya kazi ya muda wa saa tatu ilikuwa inatupa picha 60, tukafika 100. Kama unafanya na mtoto, weka mikono yako nyuma.

Sauti nitaigusa tu. Mawimbi na kelele za mitumbwi tulirekodi Kibirizi alfajiri, maneno ya wahusika tuliyarekodi ndani ya kabati la nguo ili ukuta usirudishe mwangwi, na honi ni mimi napuliza chupa tupu, imeshushwa kasi kwenye kompyuta.

Wiki mbili zilizopita tulimwonyesha mama filamu yote. Aliitazama mara tatu. Kwenye ile sehemu ya mkono ulioshika reli alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Binti akamuuliza, "Bibi, ndivyo ilivyokuwa?" Akasema ndivyo, ila pale juu tumeweka mwezi, na usiku ule hapakuwa na mwezi.

"Umejuaje, bibi?"

"Wavuvi walikuwa nje. Wa dagaa hawatoki na karabai mwezi ukiwa mkubwa. Ziwa lote nyuma ya meli lilikuwa taa."

Kwa hiyo mwezi tumeshaubandua. Binti amechukua boksi jeusi na sindano, ametoboa matundu 61 kwa mstari usionyooka, na taa moja tumeihamishia nyuma yake. Jumamosi usiku tunaanza tena kuanzia picha ya 1,104. Kila tundu limebandikwa kipande cha karatasi kinachofunguka, kwa sababu anasema karabai haziwaki zote kwa wakati mmoja.